Sifuri za Eladio

Desemba 2

Nimeanza daftari hili kwa hasira na sioni aibu kulisema. Kamati imenipa ukatibu, yaani kazi ya kuandika upuuzi wa watu wengine kwa lugha ya heshima. Basi humu nitauandika kwa lugha unayostahili.

Mambo yenyewe ni haya. Mtandao wetu, Tranquera, una miaka ishirini na mitano. Ulianzishwa na ushirika wa maziwa wakati mji wetu mzima wa Paso Sordo ulikuwa na kompyuta tatu, ili wafugaji waulizane habari za kupe na malisho. Leo una makundi ya majadiliano hamsini na nane. Mengi yamekufa zamani, ila hakuna aliyepata moyo wa kuyazika. Sasa seva imezeeka. Milton, fundi wetu, anasema nyingine itafika mwisho wa Februari na hatahamisha humo kundi lisilo na uhai. Kwa hiyo kamati ya watu wanne inatakiwa kuamua ni makundi gani yamekufa, na yakishakufa yafanyweje.

Watu wanne wenyewe ni hawa. Mwenyekiti ni Wáshington Perdomo, daktari wa mifugo mstaafu, aliyekaa miaka arobaini na mkono ndani ya ng'ombe na bado anaongea kama balozi. Nibia ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, analia akiona kuku anachinjwa. Milton Gadea anakubaliana na kila mtu ili awahi kwenda kuvua samaki. Wa nne ni mimi, Zulma Etcheverry. Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye mtambo wa simu wa mji huu nikiunganisha waya, nikasikia kila walichoambiana. Anayetaka kujua kwa nini siwaheshimu, jibu ni hilo.

Desemba 9

Kikao cha kwanza, nyumbani kwa Wáshington. Kibuyu cha yerba, majani yetu machungu ya kunywa, kilizunguka mara sita kabla hatujafunua karatasi hata moja. Hatimaye Milton akatoa orodha ya mashine, kila kundi na idadi ya ujumbe wake. Makundi thelathini na moja yana sifuri.

Niliyasoma majina kwa sauti, na nakiri nilifurahia. "Wapenzi wa Trekta za Zamani", ujumbe wa mwisho una miaka tisa, mtu anauliza kama kuna mtu. "Mbwa Waliopotea", na bila shaka wote wameshakufa kwa uzee huko waliko. "Falsafa na Malisho", lililoanzishwa na mwenyekiti mwenyewe, wanachama wawili, yeye na yeye tena kwa jina la bandia.

"Hilo tuliache kwanza," alisema Wáshington akikohoa.

"Kwa nini, mwenyekiti? Maiti yako hainuki?"

Nibia alicheka hadi akamwaga maji ya moto kwenye kitambaa cha meza.

Namba ishirini na tatu ilikuwa "Milimita". Wanachama kumi na mmoja, ujumbe sifuri kwa miaka sita mfululizo, mwanzilishi Eladio Etcheverry. Wote watatu waliniangalia kisha wakaangalia dari. Ndiyo, ni kaka yangu, tumbo moja, na hatujasemezana miaka kumi na moja, tangu alipoondoka kwenye mazishi ya Mama kabla jeneza halijashuka kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa. Ng'ombe! Kundi lake ni la watu wa mashamba ya mbali, ng'ambo ya kijito, wanaopima mvua. Asiye mwanachama haoni kinachoandikwa mle. Inaelekea hakuna kinachoandikwa.

Milton akauliza, kwa sauti ya chini, kama mashine inahesabu sawasawa. Nikamwambia inahesabu sawasawa kuliko yeye, maana kanuni yake niliitunga mimi. Ujumbe usiofika herufi tano hauhesabiwi. Miaka sita iliyopita watu walikuwa wanajaza "sawa" na "haha" mpaka kichwa kinauma, nikasema basi, tutahesabu watu wanaosema kitu. Hakuna aliyenipinga wakati huo na hakuna aliyenipinga leo.

Desemba 10

Joto. Hakuna wingu.

Desemba 16

Saa tatu nzima za kubishana maiti zizikwe vipi. Nibia anataka makundi yagandishwe tu, watu wasiweze kuandika ila waweze kusoma, "kwa ajili ya kumbukumbu". Kumbukumbu ya nini, mama? Ya mtu aliyeuliza bei ya rimu ya trekta? Wáshington anataka yafutwe kabisa, lakini kila moja lisomewe hotuba. Milton anataka lolote lenye kazi ndogo.

Nikawaachia wachoke, halafu nikatoa pendekezo langu nililokuwa nimelipiga chapa tangu nyumbani. Tangazo litabandikwa ndani ya kila kundi kwa siku kumi na tano. Mwenye pingamizi aliandike humo humo ndani ya kundi, kwa maneno yasiyopungua ishirini. Pasipo pingamizi, kundi linafungwa. Likapita kwa kura zote. Ni raha kufanya kazi na watu wavivu.

Desemba 25

Nilikula peke yangu, kuku baridi na saladi. Nibia alinialika, nikamwambia nina wageni.

Januari 4

Mvua hakuna tangu Novemba. Mji mzima hauna habari nyingine. Muuza nyama anauliza milimita, kasisi anauliza milimita, na yule mwanamke wa duka la dawa ambaye hana hata chungu cha maua naye anauliza kwangu zimeanguka ngapi. Sifuri, mama, kama kwako. Unadhani mbingu yangu ni tofauti?

Baba naye alikuwa hivyo. Alikuwa na kipimo cha kioo kwenye nguzo ya uzio, usawa wa kiuno, na baada ya kila mvua alitupeleka wote wawili tukakisome. Ilibidi uchuchumae mpaka jicho liwe sawa na maji. Eladio alichuchumaa. Mimi nilisoma nimesimama nisichafue gauni, na kila mara nikataja namba kubwa kuliko ya kweli. "Wewe Zulma unaangalia vitu kwa juu," Baba aliniambia. Nilikuwa na miaka minane, nikadhani ananisifu.

Januari 19

Sifuri. Ng'ombe wameanza kufa upande wa kusini. Wáshington ameandika shairi la ukame na anatafuta kundi la kulibandika. Nimemwambia analo moja lenye wasomaji wawili.

Januari 30

Kikao. Hakuna lililofanyika. Nibia alileta keki.

Februari 10

Mashine imebandika matangazo makundi yote thelathini na moja, bila yeyote wetu kuingia ndani. Nimeyaandika mwenyewe, mafupi na makavu.

Februari 14

Leo nilipata mgeni. Olga Techera, mjane wa ng'ambo ya kijito, jirani wa Eladio kwa maana ya kule, yaani kilomita nne. Alikuja na basi la asubuhi, ambalo hupita Jumanne na Ijumaa tu, akafika mlangoni kwangu amevaa viatu vya kanisani na vumbi mpaka magotini. Nilimpa kiti. Alikaa ukingoni kama aliyekuja kuomba kazi.

"Bi Zulma, nimekuja kwa ajili ya kundi letu. Msilifunge."

"Kundi gani hilo?"

"Milimita."

"Lile halina ujumbe hata mmoja kwa miaka sita, Bi Olga."

"Mungu wangu! Nani kasema? Tunaandika kila siku. Mimi leo nimeandika kabla sijapanda basi."

"Umeandika nini?"

"Sifuri."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Kila asubuhi kabla ya saa mbili kila mmoja wao anaandika namba ya kipimo chake, mvua inyeshe isinyeshe. Namba ya mtu isipoonekana, jirani wa karibu anatandika farasi aende kuangalia. Wote wana umri wa miaka sabini kwenda juu na karibu wote wanaishi peke yao.

"Ndivyo tulivyompata Anselmo mwaka juzi," alisema. "Alikuwa zizini, lango limemwangukia mguu. Hakuandika, nikaenda. Tungengoja mpaka Jumapili tungemkuta ameoza."

"Sasa mbona hamkuandika pingamizi ndani ya kundi, kama tangazo linavyosema?"

"Hairuhusiwi, Bi Zulma. Mle ni namba tu. Kaka yako alimfukuza Ferreira kwa kuandika salamu tu, 'habari za asubuhi'. Anasema maneno yakiingia yataingia na umbea, na siku mtu akinyamaza hakuna atakayegundua."

"Basi mwambie abadilishe sheria kwa siku moja."

"Unamjua alivyo."

"Nilimjua."

"Yeye mwenyewe hajui kama nimekuja. Angejua angenitimua."

"Pigianeni simu, Bi Olga. Dunia nzima inapigiana simu."

"Sisi wengine tutajaribu. Eladio hashiki simu, ana kompyuta tu." Akainamisha macho. "Anasema simu ina masikio ya dada yake."

Loo! Nilisimama kiti kikaanguka. Miaka ishirini na sita nimeunganisha simu za mji huu, nimeita madaktari, nimeita wazimamoto, nimewatafutia watu wana wao mpaka Montevideo, na huyu mchunga ng'ombe ananiita masikio! Nikachukua daftari la kamati, nikaandika mbele ya macho yake: "Pingamizi la mdomo. Halikuwasilishwa mahali panapotakiwa. Halipokelewi." Nikamsomea. Akasema asante, akanywa maji glasi mbili, akaenda kukaa kituoni kungoja basi la jioni. Kituo hakina kivuli. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni mpaka nikafunga pazia.

Februari 15

Namba moja ni herufi moja. Nimelifikiria hilo jana na leo. Sina cha kuongeza.

Februari 18

Sifuri. Kisima cha shule kimekauka.

Februari 25

Kikao cha mwisho. Makundi manne kati ya thelathini na moja yamepata pingamizi. Mojawapo ni "Falsafa na Malisho", lililotetewa kwa maneno mia mbili na arobaini na mwanachama ambaye hakuna aliyewahi kumwona, anayeandika kama balozi. Tumeliokoa. Wáshington alifuta jasho.

Tulipofika "Milimita" Nibia aliuliza, "Nilimwona Olga Techera kituoni wiki ile. Si alikuja kwako? Alitaka nini?"

"Hakuna pingamizi lililopokelewa," nilijibu.

Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Nibia aliniangalia kidogo, kisha akakata keki.

Februari 27

Milton amebonyeza kitufe. Makundi ishirini na saba, dakika nne. Wáshington alisoma hotuba moja tu kwa yote kwa sababu ya joto. Nimelala vizuri.

Machi 2

Sifuri. Upepo wa vumbi.

Machi 6

Mwandiko huu ni mbovu, na atakayeuona na auone.

Leo mchana Nibia aliingia bila kubisha. Alikuwa amekimbia kutoka shuleni na koti lake la ualimu. "Zulma, kaa chini," alisema. Nikamwambia niko sawa nimesimama. Akasema Eladio yuko hospitali ya Durazno na hawajui kama ataamka.

Alianguka asubuhi ya tarehe tatu. Alipanda ngazi ya kinu cha upepo kinachovuta maji, akipake grisi, maana ng'ombe walikuwa karibu kukosa maji, akateleza kutoka juu. Nyonga imevunjika. Alikaa pale chini ya jua siku mbili na nusu, mtu wa miaka sabini na mitatu, akijiburuta mpaka kwenye birika la ng'ombe lililokuwa linavuja, ndiyo maana yu hai. Mbwa walikaa naye.

Olga ndiye aliyemkuta. Tangu kundi lifungwe walijaribu simu, kama nilivyowafundisha. Olga alidhani Anselmo amepita kwa Eladio, Anselmo alidhani Olga amepita. Zamani hakuna aliyehitaji kudhani. Siku ya tatu Olga alimwona tai anazunguka juu ya kinu akatandika farasi.

Nilikwenda kwa Milton. Sijui kwa nini huko kwanza. Nilimkuta anasafisha samaki uani, nikamwambia afungue ile seva ya zamani aondoe kanuni yangu, ahesabu upya, na herufi moja iwe ujumbe. Alinawa mikono, akaketi, akahesabu. Kisha akahesabu tena.

"Kwa Milimita ni elfu ishirini na nne na kitu," alisema mwishowe. "Kila siku kumi na moja, Zulma. Kila siku kwa miaka sita. Krismasi pia. Hakuna kundi jingine linalofika hata nusu yake."

"Nilijua," nikamwambia.

"Ulijua idadi?"

"Olga aliniambia wanaandika kila siku. Nilielewa siku ile ile mashine imewarukaje. Nikanyamaza."

Alinitazama, akarudi kwenye samaki wake. Hata kunitukana hakunitukana. Ningependa anitukane.

Na ya hapa niyaandike, maana daftari hili nililianza kwa ahadi ya kuwaandika watu wanavyostahili. Wáshington ni mpumbavu mwenye majivuno, lakini angejua asingelifunga. Nibia analia kwa kuku, lakini aliuliza. Milton mvivu aliuliza mwezi Desemba kama mashine inahesabu sawa. Kati ya wanne ni mmoja tu aliyejua, na huyo ndiye mwerevu. Huyo ndiye mimi. Sijawahi kumdharau mtu mji huu kama ninavyomdharau mwanamke aliyefunga lile pazia.

Machi 9

Durazno. Ameamka. Amekonda, midomo imepasuka, na ndevu nyeupe ambazo sikuwa nazijua. Niliingia, akanitambua, akageuzia uso ukutani. Nilikaa saa mbili na kile kisogo. Kina kovu la kwato la tangu utotoni, alipigwa akinikinga mimi. Nilikuwa nimesahau.

Nilisema nilichokwenda kusema. Kwamba ni mimi, si kamati. Kwamba Olga alinieleza yote. Kisogo hakikusogea.

Baadaye Olga aliingia na supu. Ndipo akaongea, na yeye, si na mimi.

"Nani anasoma kipimo?"

"Hakuna mtu, Eladio."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanguka."

Alifumba macho kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Olga akanitazama juu ya bakuli. Nikasema sawa, nitakisoma mimi.

Machi 12

Milton amelifungua kundi upya bila kungoja kikao. Wáshington alianza kusema habari za utaratibu, nikamwambia ajaribu tu. Hakujaribu.

Nimehamia nyumbani kwa Eladio kulisha kuku na mbwa. Jiko la mtu huyu ni aibu. Sufuria moja, kikombe kimoja, na ukutani kalenda za miaka kumi na minane zilizoandikwa namba kila siku. Ukurasa wa siku ya mazishi ya Mama nimeutafuta. Umeandikwa 17, na chini yake, kwa herufi ndogo, "jike, mzima". Nikakumbuka kwamba ng'ombe aliyekuwa anazaa siku ile alikuwa wa Mama.

Ili niandike lazima niwe mwanachama, na wa kunikubali ni mwanzilishi peke yake. Olga amemwachia simu yake hospitalini, ya kuandikia tu, si ya kusemea, naye mwenyewe anaandikia kompyuta ya nyumbani. Fomu inauliza sababu ya kuomba kujiunga. Niliandika mistari kumi na miwili ya kujieleza. Nikaisoma, nikaifuta. Niliandika 0. Baada ya nusu saa nikakubaliwa.

Machi 13

0. Nilituma saa moja na nusu. Wengine wote kumi na mmoja walikuwa wameshatuma, hata yeye huko kitandani, ambaye aliweka kistari tu, kuonyesha kwamba yupo na hana kipimo. Hakuna aliyenikaribisha wala kuuliza mimi ni nani.

Machi 14

0.

Machi 15

0. Anselmo alichelewa mpaka saa mbili na dakika tano. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Machi 16

0. Nilikwenda Durazno na basi. Kisogo tena. Nilimwambia jogoo wake ni mwehu kama yeye. Mabega yalitikisika kidogo, labda kikohozi.

Machi 17

0.

Machi 19

0. Jana nilichelewa kwa dakika kumi, simu haikuwa na chaji. Nikamkuta Olga langoni juu ya farasi, anatweta. Mwanamke huyu niliyemwacha juani bila kivuli. "Nilidhani umeanguka," alisema. Nikamshikia hatamu, nikamshusha, nikampa yerba katika kile kikombe kimoja.

"Unajua," alisema, "mimi nilikuwa nakuogopa."

"Na sasa?"

"Sasa najua huwezi kuwasha jiko la kuni."

Machi 21

0.

Machi 22

0. Mawingu upande wa magharibi. Sitaki kusikia habari zake. Yamekuja mara nne na kuondoka.

Machi 24

Ilianza alfajiri. Sikuamini mpaka bati likanguruma juu ya kichwa changu. Mbwa walibweka, kisha wakatoka nje wakasimama tu wakilowa. Nami nilisimama mlangoni na gauni la kulalia nikilia kwa sauti kama Nibia na kuku wake, na hakuna aliyeniona, na hata angeniona, shauri yake.

Ilinyesha mpaka karibu saa moja na nusu. Nilikanda unga, maana siku ya mvua isiyo na torta frita, maandazi yetu, si siku, nikaweka mafuta motoni kwa kuni nilizoziwasha mwenyewe. Kisha nikatoka na mwavuli mpaka kwenye nguzo. Ni kipimo kile kile cha Baba, cha kioo, usawa wa kiuno. Maji yalikuwa yamejaa humo, safi. Nikasoma, nikarudi ndani, nikatuma: 42.

Zikafuata za wengine, moja baada ya nyingine. 38. 35. Anselmo 40. Olga 37. Nilikaa na simu mkononi kama mtoto anayengoja maksi. Hakuna neno hata moja, hakuna "hatimaye", hakuna "Mungu mkubwa", ni namba tu, na niliona kila nyumba ng'ambo ya kijito na mtu wake amesimama mlangoni.

Kisha ukaja ujumbe wa Eladio. Haukuwa kistari. Katika miaka yote ya kundi lile hakuna aliyeandika neno akabaki, Ferreira alifukuzwa kwa habari za asubuhi, na mwenye sheria ndiye huyo sasa kaandika neno, moja, mbele ya wote:

"Chuchumaa."

Nilitoa mafuta motoni. Nikatoka bila mwavuli. Tope lilikuwa limefika vifundoni, na magoti yangu ya miaka sitini na minane yakalia kama bawaba za lango nilipokwenda chini, mkono mmoja kwenye nguzo, gauni lote kwenye matope, mpaka jicho likawa sawa na maji.

Ilikuwa 39.

Nikaandika 39.